Wasimamizi, mtu hafungiwi kwa kanuni iliyoandikwa baada ya yeye kuandika

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila nitajitahidi kwenda kwa utaratibu, kwa sababu najua uzi huu utasomwa kwanza na wenye kitufe cha kuufuta kabla haujawafikia wafugaji wenzangu.

Wengi wenu mnamfahamu yule mama wa jukwaa la ufugaji ambaye kila mwenye swali la chanjo ya magonjwa ya kuku kama kideri au gumboro humu ndani huelekezwa kwake. Wiki iliyopita alifungua uzi akieleza kwamba amenunua vifaranga vya siku moja kutoka kwa muuzaji anayetangaza kwenye jukwaa hili, na kwamba vilipofika vilikuwa vimezubaa, matumbo yamevimba na vitovu havijafunga, vingine vikitoa majimaji. Aliweka picha ya boksi, picha ya risiti ambayo namba ya simu aliiziba mwenyewe, na picha moja ya karibu ya kifaranga kilichogeuzwa tumbo juu ili kitovu kionekane. Mwenye uzoefu wa kulea vifaranga anajua kwa nini aliipiga picha hiyo. Kifaranga kinachokufa kwa baridi ya banda au kwa maji machafu ni tatizo la mnunuzi, lakini kitovu kilicho wazi na chenye uchafu siku ya kwanza kinaelekeza macho kwenye mashine ya kutotolea na usafi wake. Hakumwita mtu mwizi wala tapeli. Aliuliza kama wapo wengine waliopokea mzigo wa wiki hiyo hiyo, na wachangiaji kadhaa wakajibu kwamba wao pia wameona hali ile ile.

Usiku uzi ukatoweka. Haukufungwa, haukuhamishwa, haukuunganishwa na mwingine, na aliyebofya kiungo chake aliambiwa kwamba ukurasa anaoutafuta haupo. Asubuhi yake mama yule alipojaribu kuingia akakuta akaunti yake imefungiwa, na sababu iliyoandikwa ni maneno mawili tu: "ukiukaji wa kanuni". Kanuni ipi, kwa sentensi ipi, kwa muda gani, na nani aliyeamua, hakuna. Waliouliza uzi umekwenda wapi walipewa onyo la "kujadili maamuzi ya uongozi", na mmoja aliyeuliza mara ya pili naye yuko nje mpaka hivi ninavyoandika.

Hadi hapo ningeweza kusema ni uzembe wa mtu mmoja aliyekuwa zamu. Kilichonifanya nifungue uzi huu ni ukurasa wa kanuni.

Sote tulioomba alama ya muuzaji, yaani ile inayowekwa kwenye jina la mwanajukwaa anayeruhusiwa kuuza humu, tulitumiwa kanuni za jukwaa kwa barua pepe ili tuzikubali kabla ya kupewa alama hiyo. Nakala yangu ninayo, na ina vifungu kumi na kimoja. Ukifungua ukurasa wa kanuni leo utakuta vifungu kumi na viwili, na kilichoongezeka ni kifungu cha saba, kinachosema kwamba ni marufuku kumtaja au kumwonesha mfanyabiashara anayetangaza jukwaani bila kuwasiliana kwanza na uongozi. Tarehe ya marekebisho chini ya ukurasa ni ile ile ya zamani. Aliyekichomeka hakujisumbua hata kurekebisha vifungu vinavyofuata, kwa maana kifungu cha kumi na moja, ambacho zamani kilikuwa cha kumi, bado kinamwelekeza msomaji kwenye "adhabu zilizotajwa katika kifungu cha nane", na kifungu cha nane cha sasa kinazungumzia ukubwa wa picha. Adhabu zimesogea hadi cha tisa. Yeyote anaweza kwenda kuhakiki, na nawaomba muhakiki mapema, kabla hakijasahihishwa kimya kimya kama kilivyoingizwa.

Kwa hiyo mwanajukwaa ameadhibiwa kwa jambo ambalo siku alipoliandika halikuwa kosa, kisha kosa likatafutiwa kanuni, na kanuni ikavalishwa tarehe ya zamani ili ionekane ilikuwapo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa jinai kutokana na kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa chini ya sheria, na aya ya (a) ya ibara hiyo hiyo inazungumzia haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, mbele ya mahakama au "chombo kinginecho kinachohusika". Najua nitajibiwa kwamba jukwaa ni mali ya mtu binafsi na si mahakama. Sawa, sidai kwamba kufungiwa akaunti ni kesi ya jinai. Ninachosema ni kwamba nchi imekubali misingi hiyo hata kwa mtu aliyeshikwa na kidhibiti mkononi, na sioni ni ugumu gani unaomzuia msimamizi wa jukwaa la kuku kuifuata kwa mama aliyeuliza swali.

Jibu la pili ninalolitarajia, kwa sababu tumelisikia kila mara, ni kwamba "sheria inatubana". Hili nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa ni kweli kwamba inabana. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, na zile zilizochukua nafasi yake mwaka 2020, ziliwatwika wenye majukwaa mzigo wa kujibia yanayoandikwa na watu wengine. Zile za 2018 ziliwataka kukata leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano kwa gharama iliyozidi shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza, na adhabu ya kukiuka ilianzia shilingi milioni tano au kifungo cha miezi kumi na miwili au vyote kwa pamoja. Juni ya mwaka huo wa 2018 JamiiForums, jukwaa kubwa la mijadala mtandaoni nchini, ililazimika kufunga milango kwa muda. Mwenye jukwaa ana haki ya kuogopa. Lakini hofu hiyo hiyo ndiyo inayodai kanuni zilizo wazi na kumbukumbu safi za maamuzi, kwa sababu siku mdhibiti akiuliza kwa nini maandishi fulani yaliachwa au yaliondolewa, ukurasa uliochomekwa kifungu usiku hautamtetea mtu. Tena wapo walioonesha kwamba mwenye jukwaa anaweza kubanwa na bado akasimama upande wa wanachama wake: Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kufikishwa mahakamani baada ya kukataa kuwakabidhi polisi taarifa za watumiaji wake. Sisi huku hatujaombwa taarifa za mtu na polisi. Tumeguswa na mtangazaji mmoja, tukasalimu amri kabla jogoo hajawika.

Na kama kweli tatizo lilikuwa hofu ya kashfa dhidi ya muuzaji, njia ya kulishughulikia ilikuwa nyepesi mno. Muuzaji ana haki ya kujibu, na hakuna aliyemnyima. Msimamizi angeweza kuubandika ujumbe juu ya uzi kwamba madai haya ni ya mnunuzi na hayajathibitishwa, akamwita muuzaji aje ajibu, akaziba jina kwenye boksi mpaka jibu litakapopatikana, na akawataka wachangiaji waeleze tarehe waliyopokea mzigo badala ya kumwaga hisia. Muuzaji mkweli angenufaika na uzi kama huo kuliko na tangazo lolote, kwa sababu angeweza kueleza kilichotokea kwenye mashine yake na kufidia wateja hadharani. Kufuta kumemwacha na tuhuma isiyo na majibu, na sasa inazungumzwa kwenye makundi ya WhatsApp ambako hakuna msimamizi wa kumtetea.

Upande wa pili wa kifungu hicho cha saba ni kwamba kanuni nyingine zinalala. Kifungu cha kwanza, ambacho kiko kwenye nakala yangu na kiko kwenye ukurasa wa leo, kinakataza matusi na kauli za kudhalilisha watu kwa kabila, dini au jinsia. Ingieni jukwaa la siasa sasa hivi. Kuna uzi ambao ukurasa wake wa pili una matusi ya nguoni yanayotajwa kwa kabila, umeripotiwa na watu kadhaa nikiwemo mimi, na bado uko hewani unaendelea kukusanya wachangiaji. Mtu akitukana kabila zima anaambiwa "tuvumiliane", na mtu akionesha kitovu cha kifaranga anafungiwa.

Sisemi kwamba msimamizi amelipwa. Sina ushahidi wa hilo, na kulisema bila ushahidi kungekuwa kufanya lile lile ambalo mama yule anasingiziwa. Lakini tuhuma ya namna hiyo hujizaa yenyewe pale ambapo mtu anayeuza nafasi za matangazo ndiye anayefuta nyuzi, ndiye anayefungia akaunti, na ndiye anayepokea rufaa. Ndivyo ilivyo humu. Mama yule alikata rufaa kwa anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kanuni, na aliyemjibu ni yule yule aliyemfungia, kwa jina lile lile la msimamizi, kwa sentensi moja kwamba uamuzi ni wa mwisho. Amenitumia jibu hilo na ameniruhusu kulitaja. Hata kwenye baraza la wazee kijijini, mzee mwenye uhusiano na mmoja wa wagomvi husogea pembeni.

Mtasema kwamba wasimamizi wanajitolea na hawana muda. Nakubali kwamba kazi hii inachosha, na mahali pengine inaumiza: waliokuwa wakikagua maudhui ya Facebook kutoka Nairobi walifungua kesi dhidi ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook, mwaka 2022 na 2023 wakilalamikia, pamoja na mengine, madhara ya kisaikolojia ya yale waliyokuwa wakilazimika kuyatazama kutwa nzima. Anayepitia nyuzi za kuku na mahindi hana mzigo huo. Na wapo wanaojitolea bila malipo na bado wanaacha alama ya kila wanachofanya. Kwenye Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili, mkabidhi, yaani msimamizi wa huko, akimzuia mtu kuhariri, kumbukumbu inaonekana kwa kila msomaji: nani amezuia, nani amezuiwa, lini, kwa muda gani na kwa sababu ipi. Ukurasa wa sera nao una historia yake, kiasi kwamba sentensi ikiongezwa usiku, asubuhi mtu yeyote anaona iliongezwa saa ngapi na nani. Sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 imekwenda mbali zaidi na kulifanya kuwa lazima: mwenye jukwaa akiondoa andiko la mtu au kumfungia, anatakiwa kumpa maelezo mahsusi ya sababu. Haitubani sisi, lakini inaonesha kwamba kumweleza mtu kosa lake ni jambo linalowezekana hata kwa makampuni yenye watumiaji mamilioni, sembuse jukwaa ambalo wachangiaji wake wa kila siku tunafahamiana kwa majina ya utani.

Ninachodai ni hiki. Uzi wa mama yule urudishwe, hata kama jina la muuzaji litazibwa, na akaunti yake pamoja na ya yule aliyeuliza zifunguliwe. Kifungu cha saba kiondolewe mpaka kijadiliwe hadharani, na kikipita kiwe na tarehe yake halisi na kianze kutumika kuanzia siku hiyo kwenda mbele. Kila adhabu iandikwe namba ya kifungu na sentensi iliyokosewa, ianze na onyo kabla ya kufungia isipokuwa kwa matusi na utapeli wa wazi, na rufaa isomwe na mtu ambaye hakutoa adhabu wala hapokei fedha za matangazo. Kama hakuna mtu wa namna hiyo kwenye uongozi, wachaguliwe wawili kutoka kwa wanachama wa siku nyingi. Watu wa kuaminika tunao.

Nimeambatisha picha ya skrini ya ukurasa wa kanuni wa leo na nakala ya barua pepe ya kanuni za awali, nikiwa nimeziba anwani yangu tu. Nakala za picha hizo wanazo wenzangu kadhaa, kwa hiyo kuufuta uzi huu hakutazifuta. Msimamizi mkuu, naomba ujibu hapa hapa mbele ya wanajukwaa wote na usinijibu kwa ujumbe wa faragha, na uanze na swali moja jepesi: kifungu cha saba kiliandikwa tarehe ngapi?