Mkataba wa fremu: je, mawakili wa kujitolea wanatupokea sisi wenye biashara ndogo?

Mama Sabuni, Mwanga
Ndugu zangu, habari za leo. Ninatengeneza sabuni za mawese na kuziuza katika fremu niliyopanga hapa Mwanga, Kigoma, huu ukiwa mwaka wa tatu. Juma lililopita mwenye fremu ameniletea mkataba mpya wa kurasa nne, wote kwa Kiingereza, akitaka niusaini kabla mwezi haujaisha. Mwanangu aliyemaliza kidato cha nne amenisomea, na katika ukurasa wa tatu tumekuta kifungu kinachosema kwamba kodi zote za serikali zinazotokana na pango zitalipwa na mpangaji. Nimesikia wapo mawakili wanaojitolea kutoa ushauri bila malipo, lakini kila ninayemuuliza ananiambia hao ni wa mirathi na ndoa. Je, mtu mwenye biashara anapokelewa, na aende na nini? Sitaki kugombana na mwenye fremu, maana tumeishi vizuri, wala sitaki kutia saini jambo nisilolielewa.

Msaidizi wa kisheria, Ujiji
Dada, unapokelewa. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, inaangalia kama mtu ana uwezo wa kumlipa wakili, na wala haisemi kwamba mwenye biashara arudishwe. Ni kweli kwamba wengi wanaotujia wana mambo ya mirathi na ardhi, na ndiyo maana habari imeenea hivyo. Sisi wasaidizi tunaweza kukueleza haki zako na kukusaidia kuandika barua, ila hatusimami mahakamani kwa niaba ya mtu, na mkataba kama huo tunaupeleka kwa wakili. Huduma hii haina malipo; ukiombwa hata hela ya soda, kataa.

Muuza dagaa, Kibirizi
Mimi nilihudumiwa wakati wa Wiki ya Sheria, ile ya kila mwaka ambayo wananchi hupewa elimu na ushauri wa sheria. Nilikuwa ninamdai mteja aliyechukua magunia ya dagaa kwa mkopo, na nilikwenda mikono mitupu, nikidhani maneno yangu yatatosha. Wakili aliniuliza kama pesa za awali zilipitia kwenye simu, akanieleza kwamba tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ujumbe wa namna hiyo unaweza kupokelewa kuwa ushahidi. Nilikuwa nimefuta nusu yake ili simu isijae! Tulikaa hapo tukishusha ujumbe mmoja mmoja kwa kidole, watu wakisubiri nyuma yangu, hadi tukapata miwili iliyotaja deni. Aliniandikia barua ya madai, na sehemu ya pesa ikarudi. Kwa hiyo, mama, nenda na mkataba wa zamani, huo mpya, na stakabadhi zote za pango.

Wakili, Kigoma mjini
Mimi ni mmoja wa wanaojitolea, na kinachonisikitisha ni kwamba watu wengi hutujia wakiwa wamekwisha kusaini. Wewe umewahi, na hilo peke yake ni nusu ya kazi.

Kifungu ulichokitaja kinagusa kodi ya zuio, ambayo kwa pango la biashara ni asilimia 10. Hiyo ni kodi ya mapato ya mwenye nyumba. Wajibu wa mpangaji ni kuikata katika pango na kuiwasilisha TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Kama pango ni shilingi 100,000 kwa mwezi, yeye anapokea 90,000 na TRA inapokea 10,000. Kwa maneno ya mkataba huo, utampa yeye 100,000 kamili, kisha utoe 10,000 nyingine mfukoni mwako. Ushuru wa stempu ni jambo jingine, nao msiuache, kwa sababu mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi mahakamani kuwa ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu.

Mwombe mwenye fremu siku chache na nakala ya Kiswahili. Kuomba hivyo si ugomvi, na hakuna sheria inayokulazimisha kusaini siku unayoletewa karatasi.

Mama Sabuni, Mwanga
Nawashukuru sana. Nimezungumza naye jioni hii, na amekubali tukutane Alhamisi. Ameniambia kwamba hata yeye hajausoma wote. Aliuchukua kwa jirani yake mwenye fremu nyingi, akabadilisha majina tu.