Familia zikae wapi ndege zinaposhindana kwenye kiwanja kidogo?

Mleta mada
Wakuu, mbio za ndege za Reno, Nevada, Marekani, zilifanyika uwanja wa Stead kuanzia 1966 hadi 2023, na mwaka 2025 zikahamia Roswell, New Mexico. Kundi la Formula One (la ndege ndogo, si magari) ndilo lililokuwa la familia hasa. Ndege yake ina kiti kimoja, injini ya Continental O-200 ya nguvu farasi 100, magurudumu yasiyokunjwa na bawa lisilopungua futi za mraba 66. Hata mtoto ana kazi: kufuta ukingo wa mbele wa bawa, kwa sababu wadudu waliogandia pale huvuruga hewa na kula mwendo. Swali langu: mbio hizi zirudi kwenye viwanja vidogo vya miji, familia zikiwa ndani? Mimi nasema zirudi.

Mpima uwanja
Naunga mkono, kwa sharti moja. Watu wanapenda kubishana kuhusu umbali. Maonyesho ya ndege Marekani hutenga ndege na watazamaji kwa mistari ya futi 500, 1,000 na 1,500 kulingana na kasi. Sasa piga hesabu: kilomita 400 kwa saa ni mita 111 kwa sekunde, na futi 500 ni mita 152. Hiyo ni sekunde 1.4, muda ambao mzazi hawezi hata kumnyanyua mtoto.

Kinachookoa ni mwelekeo. Ndege iliyoshindwa katikati ya kona haiendelei kukunja. Inatoka nje ya kona, ikifuata njia iliyokuwa ikielekea dakika ile. Chukua ramani, weka alama kila mita 50 kwenye kona, na kutoka kila alama chora mstari ulionyooka. Popote mistari hiyo inapopita, pasiwe na viti, maegesho wala banda la chakula. Watazamaji wakae upande wa sehemu iliyonyooka, mbali na inakoishia kona. Kiwanja kikikosa nafasi hiyo, kisipewe kibali.

Fundi wa ndege
Mpima amesema kweli, lakini ajali huanzia karakana. Reno, 16 Septemba 2011, ndege ya zamani ya vita aina ya P-51, iitwayo Galloping Ghost, iliua rubani wake na watazamaji 10. Wachunguzi walikuta kwamba nati za kujikaza zilizoshika kibawa kidogo cha kusawazisha mkia zilikuwa zimechakaa pete za ndani. Skrubu zikalegea, kibawa kikaanza kutetemeka, kikakatika, na pua ikapanda kwa nguvu iliyompotezea rubani fahamu.

Kwa hiyo kabla ya mbio: nati yenye pete ya nailoni ukiweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho, itupe. Shika ncha ya kila kibawa, kisukume juu na chini. Kikicheza, ndege hairuki. Na katika Formula One tazameni propela. O-200 imepimwa kwa mizunguko 2,750 kwa dakika, lakini kwenye mbio inafika karibu 4,000. Kipande kikikatika, kinaruka kwa ubavu, na kinachobaki kinaweza kuing'oa injini kwa mtikisiko. Injini zikiwaka, asibaki mtu usawa na duara la propela, hata kama ni mke wa rubani. Watoto waondoke eneo la mafundi kabla ya injini ya kwanza kuwashwa.

Jirani wa kiwanja
Mnazungumzia walionunua tiketi. Mwaka 1949, kwenye mbio za Cleveland, P-51 ya Bill Odom ilianguka juu ya nyumba huko Berea. Alikufa yeye, na mama na mtoto waliokuwa kwao. Halafu kuna petroli ya ndege ya 100LL, ambayo inaruhusiwa kuwa na risasi (ile metali yenye sumu) hadi gramu 0.56 kwa lita. Nani ametuuliza?

Fundi wa ndege
Ndugu jirani, risasi una haki nayo. O-200 ilibuniwa kwa petroli ya oktani 80, kwa hiyo kitaalamu inaweza kuachana na risasi, ila mafuta yasiwe na ethanoli: inalainisha mipira ya mabomba. Kanuni za mbio zibadilishwe. Kuhusu Berea, ile ilikuwa ndege ya vita. Tani 4 kwa kilomita 820 kwa saa hubeba nguvu ya mgongano karibu mara 44 ya ndege ya kilo 380 kwa kilomita 400. Ndege za vita zisikanyage kiwanja cha mji, hapo sina mjadala.

Jirani wa kiwanja
Kilo 380 zinatosha kutoboa paa la bati. Ile mistari ya mpima ivuke uzio, ifike mpaka kwenye nyumba zetu, na ramani ibandikwe ofisi ya mji siku 60 kabla ya kibali. Nyumba yangu ikiwa juu ya mstari, kona ihamishwe.

Mleta mada
Nakubali ramani na siku 60. Kuhusu watoto kuondoka kwa mafundi, nilipinga kimoyomoyo mpaka nilipofika kwenye propela. Waondoke.