Naomba ushauri: nifundisheje namna seli T saidizi zinavyopatikana?

Habari za leo wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha sita, na wanafunzi wamenibana: kama seli T zote (aina ya seli nyeupe za damu za kinga) zina jeni zilezile, kwa nini nyingine ziwe saidizi, zile zenye protini ya CD4 juu yake, na nyingine ziwe za kuua, zenye protini ya CD8?

Ninachojua, uamuzi hufanyika kwenye tezi ya thaimasi, seli changa ikiwa bado imebeba CD4 na CD8 kwa pamoja. Protini ya GATA3 husaidia kuwasha jeni ya ThPOK, na ThPOK ikiwaka humzuia mpinzani wake, protini ya Runx3. Runx3 akishinda, seli inakuwa ya kuua. Mwaka 2005 ilionekana kwa panya wenye ThPOK yenye hitilafu: seli zilizopaswa kuwa saidizi zikahamia upande wa CD8. Hapo ndipo na mimi nilipoelewa.

Shida ni mfano. Nilitumia swichi ya taa, mmoja akauliza, "Mwalimu, nani anaibonyeza?" Nikakwama. Nitumie mchezo wa kuvuta kamba? Na T-bet, protini inayoelekeza seli saidizi kuwa za aina ya Th1, nayo niiguse, au nitawachanganya? Waliowahi kufundisha hili, naombeni mbinu.