Mrejesho: watoto kusoma kitandani usiku

Assalaam alaykum. Niliuliza kama niwaache wanangu wasome hadithi kitandani baada ya saa tatu usiku, maana kila nikizima taa binti yangu mkubwa alikuwa akijifunika shuka na tochi. Ahsanteni sana nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa yule bibi wa Mkoani: tukishasali Isha na kula, waingie ndani ya chandarua mapema, wapate nusu saa ya kitabu cha karatasi, simu ibaki chumbani kwangu. Taa ni ile ndogo ya sola, hata umeme ukikatika wanaendelea. Mambo ya tochi yamekwisha. Na mdogo, aliyekuwa hataki hata kufungua kitabu, sasa anamwomba dada yake amsomee! Hilo limenifurahisha kuliko yote.

Ushauri wa kumwachia mkubwa aamue mwenyewe saa ya kulala haukutufaa. Alikesha na hadithi, alfajiri kumwamsha ikawa kazi, na skuli akasinzia. Kwa hiyo uhuru huo anao usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili tu. Siku nyingine bado tunavutana akifika pazuri; namruhusu amalize ukurasa, si sura nzima.