Naomba ushauri: ngome za Northumberland na mama mwenye magoti mabovu

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mama anakuja kunitembelea Edinburgh mwezi wa nane. Amekulia Mombasa, Fort Jesus anaijua kila kona, sasa anataka kuona ngome za Waingereza kwao wenyewe. Shida ni magoti: tambarare anatembea vizuri, ngazi zinamtesa.

Nimeangalia safari za siku moja zenye kiongozi, za kwenda Northumberland, kaskazini mwa England. Nyingi zinakaa ngome ya Alnwick saa kadhaa, zinapita ngome ya Bamburgh, kisha zinarudi kwa njia ya mashambani kando ya mto Tweed, mpakani mwa England na Scotland. Kiingilio cha ngome mara nyingi unalipa kando. Nilipowauliza wenye basi habari za ngazi, wakanijibu "inategemea." Inategemea nini, hawakusema. Kisiwa cha Lindisfarne nimekiacha, maana barabara yake hufunikwa na maji ya bahari mara mbili kwa siku, na mama hapendi kukimbizwa.

Waliowahi kwenda na mzazi: Alnwick au Bamburgh, wapi kuna ngazi chache? Na je, nichukue basi la kiongozi, au treni hadi Alnmouth, stesheni ya karibu na Alnwick, halafu basi la kawaida, tutembee kwa mwendo wake?

Asanteni.