Forester ya turbo au Altezza kwa milioni 13, niko Tanga: nikague nini kabla sijatoa hela?

Kijana wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Nina milioni 13, nataka gari yenye mwendo lakini isiyonilaza njiani. Nimeonyeshwa mbili, zote za namba za usajili zenye herufi C: Subaru Forester SG5 ya turbo ya mwaka 2004, otomatiki, na Toyota Altezza ya 2001, manyuo (gia za mkono). Siku za kazi nazunguka mjini tu, ila mara mbili kwa mwezi napanda Lushoto kupitia Segera na Mombo. Fundi ninaye, lakini kazoea Noah na IST. Nikague nini, nitenge kiasi gani cha matengenezo, na ipi kati ya hizi inanifaa? Najua IST inakula mafuta kidogo, sitafuti IST.

Spana Kumi

Mkuu, hesabu yako ianze hivi: 10 za kununulia, 3 za kuisimamisha gari ndani ya mwezi wa kwanza. Ukimpa muuzaji zote 13, gari itakufia mkononi kabla hujaifaidi, kwa sababu wengi wanaouza turbo za bei ya chini wanauza pale pale matengenezo makubwa yanapokaribia.

Kwanza hakikisha ni turbo kweli, yaani ina feni ya kushindilia hewa ndani ya injini. SG5 ni chesisi, yaani alama ya muundo, ya Forester ya lita 2 yenye turbo na isiyo na turbo, na watu wanabandika boneti yenye mdomo wa hewa kwenye gari ya kawaida. Fungua boneti: chini ya mdomo ule lazima uone intakula (kipoza hewa ya turbo), lile sega la aluminiamu lililolala juu ya injini, na turbo yenyewe nyuma upande wa kulia. Injini ni EJ205, farasi 220. Namba ya injini ilingane na iliyo kwenye kadi ya gari. Isipolingana, injini ilishabadilishwa na humjui aliyeifunga.

Nenda asubuhi, na mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta imeshapashwa moto, rudi siku nyingine. Kabla ya kuwasha chomoa kijiti cha oili, gari ikiwa sehemu tambarare. Kijiti cha Subaru kina nyuso mbili na hazisomeki sawa. Amini uso unaoonyesha chini zaidi. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita 1. Oili ikiwa chini ya alama, achana na hiyo gari hata kama inalia vizuri, maana injini hizi zinapogonga chanzo kikubwa ni oili kupungua, kisha mwenye gari akakata kona kwa kasi au akaikanyaga mlimani. Oili inakimbilia pembeni, pampu inavuta hewa, beringi za konrodi (mikono inayoshika pistoni) zinaungua. Hapo unafumua injini nzima.

Ikiwaka, sikiliza. Mlio wa tok-tok unaopungua injini inavyopata moto mara nyingi ni pistoni zinacheza kidogo, unavumilika. Mlio unaoongezeka injini inavyopata moto ni wa kukimbia. Injini ikishapata moto sawasawa, panda hadi mizunguko 3,000, shikilia sekunde chache, kisha achia ghafla: beringi iliyoliwa utaisikia pale mizunguko inaposhuka. Halafu iache iungurume dakika tano, kanyaga mara moja huku mwenzako akiangalia ekzosi. Moshi wa bluu unatokana na sili za valvu au turbo inayovujisha oili.

Kwenye rejeta usikubali kuona maji matupu ya kutu. Turbo ya Subaru ina vifuniko viwili vya maji: kimoja kwenye rejeta, kingine kwenye kitangi cha chuma juu ya injini. Vina presha tofauti, na mafundi wengi huvibadilishana kwa kutojua, gari inaanza kuchemsha bila sababu inayoonekana. Kujaza maji unaanzia kitangi cha juu, polepole, na kile kiskrubu cha kutolea hewa juu ya rejeta kikiwa wazi mpaka yatoke maji yasiyo na mapovu. Hewa ikibaki ndani, mshale wa joto unaweza usikwambie kitu hadi gasketi imeshaungua.

Na tafadhali, sio maji ya kisima. Tanga yetu imekaa juu ya mawe ya chokaa, ndiyo hayo hayo ya Mapango ya Amboni. Maji hayo yanaacha ukoko ndani ya rejeta kama unaouona kwenye birika. Weka kulanti halisi (maji maalumu ya rejeta).

Mkanda wa taimingi: kama hana risiti, chukulia haujabadilishwa. Unabadilishwa kila km 100,000, na unapoufungua badilisha pamoja pampu ya maji, tenshena (kikaza mkanda) na puli zote, ikiwemo ile yenye meno. Ukikatika, pistoni zinakutana na valvu. Themostati (vali ya kudhibiti joto la maji) nunua ya Subaru yenyewe. Nyingi za bei chee ni ndogo kuliko ya asili na hazipitishi maji ya kutosha injini ikiwa na mzigo.

Barabara ya 9

Spana Kumi kamaliza Subaru. Nije kwenye Altezza, kwa sababu hapa wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia.

Altezza ziko mbili. Yenye mwendo ni RS200, chesisi SXE10, injini 3S-GE ya silinda 4, farasi 210 kwa manyuo. Nyingine ni AS200, chesisi GXE10, injini 1G-FE ya silinda 6, farasi 160 hivi. Kwa nje zinafanana, na dalali atakwambia zote ni "sport". Soma herufi za mwanzo za chesisi kabla ya kuongea bei. AS200 ni gari tulivu na nzuri, ila sio unayoitafuta.

RS200 nguvu zake ziko juu sana, farasi 210 unazipata kwenye mizunguko 7,600. Ukiendesha kawaida kutoka Makorora hadi Raskazone hutazihisi. Forester inatoa msukumo wake mkubwa kwenye 3,500, ndiyo maana mlima wa Soni ukiwa na watu wanne ndani Forester inapanda bila kelele na Altezza inakutaka uchape gia muda wote.

Vya kukagua: mkanda wa taimingi upo pia, na ukikatika hasara ni ile ile. Giaboksi ya gia 6, jaribu kuingiza gia ya 2 na ya 3 haraka ikiwa bado ya baridi na baada ya kupata moto. Ikikwaruza, singronaiza (pete zinazolainisha gia kuingia) zimekwisha. Bolijointi za chini za mbele zipimwe gari ikiwa kwenye jeki, tikisa tairi juu na chini, kwa sababu zikiachia tairi linalala na ukiwa kwenye mwendo huna cha kufanya. Halafu iko chini. Ukishaishusha zaidi kwa springi zilizokatwa, matuta ya mjini yatabomoa sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Kwa upande wa fundi wako wa Noah na IST, Altezza ataielewa siku hiyo hiyo. Turbo ya Subaru itabidi ajifunzie kwenye gari yako, na hilo ni gharama kama gharama nyingine.

Dada wa Makorora

Naongezea bodi, maana watu wanaangalia rangi tu. Gari iliyokaa Tanga miaka kumi imevuta hewa ya chumvi kila usiku. Kwenye Forester nyanyua mazulia ya buti na plastiki za pembeni, angalia pale shokapu za nyuma zinaposhika bodi. Kutu ikila pale hakuna putty ya kukuokoa. Pitisha mkono kwenye mabomba ya breki chini ya gari. Yakiwa na magamba, badilisha kabla hujapanda Lushoto.

Forester nyingine zilitoka kiwandani na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe. Zikifa, gari inakaa imechuchumaa. Ukitaka kuweka shokapu za kawaida, badilisha na springi zake pia, kwa sababu springi za mfumo ule ni laini na peke yake haziwezi uzito.

Na mlima wa kutoka Mombo ni km 30 na kidogo za kona. Kupanda ni kazi ya injini, kushuka ni kazi ya breki. Oili ya breki iwe DOT 4 mpya, ibadilishwe kila miaka miwili, maana inanyonya unyevu na Tanga unyevu hauna likizo. Ikishakuwa na maji inachemka ndani ya kalipa (kishika pedi za breki), pedali inazama hadi chini. Shuka na gia ya 2, usiachie D.

Kijana wa Chumbageni

Nashukuru sana wote. Altezza ni GXE10, kwa hiyo nimeiacha. Forester nimeikuta ya baridi, oili iko katikati ya alama, haina mlio mbaya na haina moshi. Mambo matatu: nikikata kona kali polepole, usukani hadi mwisho, gari inashtuka-shtuka kama imeshikwa breki, na mwenyewe anasema ni kawaida ya gari inayovuta miguu yote. Tairi za mbele ni mpya, za nyuma zimeisha. Na imefungwa kile kipuliza kinachotoa sauti ya pshiii ukiachia mafuta. Je, niendelee?

Spana Kumi

Kushtuka sio kawaida, ila kunaweza kuwa kwa bei ndogo au kubwa, na unaweza kupima bure.

Anza na tairi, jibu laweza kuwa hapo. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6 hivi. Meno yakiisha kwa milimita 1 tu, mzingo unapungua milimita 6 na ushee. Sasa wewe una mbele mpya na nyuma zilizokwisha: miguu ya mbele na ya nyuma inazunguka kwa kasi tofauti saa zote, na klachi ya kugawa nguvu nyuma ya giaboksi inasuguana bila kupumzika.

Kipimo: ndani ya boneti kuna kishikizo cha fyuzi kimeandikwa FWD (kuvuta kwa miguu ya mbele tu), kitupu. Chomeka fyuzi ya ampia 15, washa gari, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi. Kata kona ile ile. Kushtuka kukiisha, solenoidi (vali ya umeme inayoamuru klachi) inafanya kazi na klachi inaachia. Tatizo ni tairi au oili ya giaboksi iliyochoka. Kukiendelea, solenoidi imekufa au sahani za klachi zimeganda. Hata hapo usiogope kupita kiasi, kwa sababu viko kwenye mkia wa giaboksi na vinafikiwa bila kuishusha giaboksi nzima, lakini bei ishuke. Fyuzi itoe baada ya kupima.

Oili ya giaboksi ukifungua nati ya chini inatoka kama lita 4 tu kati ya 9 na ushee. Kwa hiyo ibadilishe mara tatu, kila baada ya kuendesha siku chache. Difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) ina oili yake na kijiti chake, lita 1 na robo hivi ya oili ya gia 75W-90 GL-5. Mafundi wasioijua Subaru huchanganya vijiti hivi viwili wakajaza oili ya giaboksi kwenye difu. Difu ya nyuma ni kama lita 0.8.

Kipuliza cha pshiii kitoe, rudisha cha asili. Injini hii inapima hewa mwanzoni, karibu na chujio. Hewa ikishapimwa halafu ukaimwaga nje, kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Unakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi, gari inakohoa kati ya gia.

Barabara ya 9

Moja kuhusu oili ya injini, kwa sababu nimeona mafundi wetu wanamwaga oili nzito ya 20W-50 kwenye kila gari iliyozeeka. Usikubali. Oili inayokwenda kwenye turbo na kwenye mfumo wa kugeuza kemu (shafti inayofungua valvu) inapita kwenye nati zenye chujio la wavu mdogo sana. Oili nzito au chafu inaziba wavu, turbo inakauka. Weka 5W-30 au 5W-40 ya sinthetiki, karibu lita 4 na nusu na chujio lake, kila km 5,000. Mara ya kwanza ibadilishe ukiwa umeendesha km 500 tu tangu uinunue, na hapo fundi afungue nati ya turbo asafishe ule wavu.

Na usiguse presha ya turbo. Gari hii imepangwa kwa petroli ya Japan ya oktani 100, ya kwetu haifiki huko. Kompyuta inajitetea kwa kuchelewesha cheche ya plagi, na presha ukiipandisha unaiondolea nafasi ya kujitetea.

Dada wa Makorora

Ukifika kwenye bei, tairi nne za aina moja, mkanda na pampu, oili zote na breki viandike kwenye karatasi pamoja na bei za madukani, mpe mwenye gari asome. Hayo ndiyo mazungumzo yako, sio "nipunguzie kidogo kaka". Spea ambazo hazipo Tanga ulizia Ilala na Gerezani, Dar, kabla hujalipa, ili ujue bei halisi ikiwa na usafiri wa basi hadi stendi ya Kange.

Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, linganisha chesisi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la mtu aliyesimama mbele yako. Kama sio lake, subirini mwenye jina aje asaini mkataba, kisha muende TRA (Mamlaka ya Mapato) pamoja kubadilisha umiliki. Hela ya mwisho itoke hapo, sio gereji.