Niliuziwa kadi ya grafiki "GTX 1050 Ti" Luthuli, Nairobi, kumbe ni kadi ya 2010. Na bado wananiambia niongeze RAM!

Wadau, leo sitaandika kwa upole. Mwenye duka akisoma hapa atajijua.

Mwezi jana zamu yangu ya chama ilifika. Nikapanda ngazi za jengo moja pale Luthuli, zile ngazi unazopishana na mtu aliyebeba subwufa begani, nikiwa na shilingi 46,000 za kununua kompyuta ya gemu. Sikwenda kubahatisha. Nilikuwa nimeandika kwenye simu mahitaji ya chini kabisa ya EA Sports FC 24, ile gemu ya mpira: prosesa ya i5-6600K au Ryzen 5 1600, RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya GB 8, kadi ya grafiki ya GTX 1050 Ti yenye GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Nikamwonyesha kijana wa duka. Hata hakumaliza kusoma. "Bosi wangu, hiyo gemu ni ndogo sana kwa hii mashine. Hii ni i7. RAM ni 16."

Hii ni i7! Yaani mji huu mtu akishataja i7 basi mjadala umefungwa. i7 ya lini? Nilipofika nyumbani nikakuta ni i7-2600, prosesa ya 2011. Tarakimu za baada ya kistari ndizo zinazosema umri: 2600 ni kizazi cha pili, 6600 ni cha sita. i3-12100 ya 2022, i3 wanayoidharau, inaiacha i7 hiyo mbali. Lakini hilo ningemeza. Nilijua nanunua mashine ya ofisi iliyotoka Ulaya ikiwa imeshatumika, sikutarajia miujiza. Kilichonichoma ni kadi.

Niliwasha, Windows ikaandika vizuri kabisa: GTX 1050 Ti, GB 4. Nikafurahi. Mdogo wangu akaita wenzake wa ploti nzima, vijana sita kitandani, mmoja dirishani. Mechi ikaanza kwa fremu, yaani picha, 11 kwa sekunde. Ili picha itiririke unataka 60, na ukikosa sana basi 30. Sisi tulikuwa tunatazama albamu ya picha. Kona inapigwa, ukipepesa jicho mpira umeshafika wavuni na hujui nani kafunga. Kabla ya mapumziko skrini ikawa nyeusi, mashine ikajizima na kujiwasha. Vijana wakaondoka mmoja mmoja kwa adabu, kama watu wanaotoka matangani.

Nikapigia duka. Jibu: "Ongeza RAM, bosi."

Jamani. Nilikuwa nimeshatazama: gemu ilikuwa inatumia chini ya GB 9 kati ya 16, zilizobaki zimekaa bure. RAM ikipungua mashine inateseka, sawa, lakini ikishatosha, kuongeza nyingine ni kama kuongeza viti kwenye matatu iliyokufa injini. Anayechora kila fremu ni kadi ya grafiki, kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Kama yenyewe imeshindwa, hata uweke GB 64, picha zitakuja zilezile 11.

Ndipo nikapakua GPU-Z, programu ya bure ya kukagua kadi ya grafiki, ndogo tu. Mbele ya jina la kadi ikaniandikia neno "FAKE". Chipu ya ndani ni GF106, yaani GTS 450 ya mwaka 2010. Ina kora (vitengo vya kukokotoa) 192, wakati 1050 Ti ya kweli, iliyotoka 2016, ina 768. Kumbukumbu halisi ni GB 1. Mtu ameandika upya BIOS ya kadi, ile programu iliyo ndani yake, ili ijitaje kwa jina la mwenzake, na Windows haina shida na hilo: inaiuliza kadi "wewe ni nani?" na kuandika inachojibiwa. Gemu nayo inaamini kuna GB 4, inajaza, ikipita ile moja iliyopo, giza. Na nilipoweka draiva mpya, programu ya kuendesha kadi, kutoka Nvidia wenyewe wanaotengeneza chipu hizi, kadi ikakataa kabisa kufanya kazi.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Kadi ilikuwa na tundu la bluu la VGA, na mimi kwa mikono yangu nikachomeka monita yangu kuukuu hapo huku nikishukuru sihitaji adapta! Nvidia waliondoa VGA kwenye chipu za familia ya GTX 10, na 1050 Ti ni ya familia hiyo. Ushahidi ulikuwa machoni pangu tangu dukani. Tena hii takataka ni ya wati 106, ile halisi ni 75. Kwa hiyo hata tokeni za stima nimeibiwa.

Jumamosi nikarudi. Akanionyesha maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kisha akaniuliza, uso mkavu: "Lakini si inawaka?" Inawaka! Hata jiko linawaka! Halafu akataka niongeze 4,000 anibadilishie na GT 730, kadi dhaifu ya 2014 ambayo haifiki hata mahitaji ya chini niliyomwonyesha siku ya kwanza.

Sikuongeza hata shilingi. Nimepiga picha za kila kitu, na risiti imeandikwa "1050 Ti" kwa mwandiko wake mwenyewe, bahati yangu nilimlazimisha aandike. Kama unaenda kununua wiki hii, beba GPU-Z kwenye flashi na uifungue mbele yake kabla ya kutuma M-Pesa. Akikataa, shuka ngazi.

Sasa swali langu. Mahakama ya madai madogo pale Milimani inapokea kesi zisizozidi shilingi milioni moja. Kuna aliyewahi kuingia pale kwa sababu ya kadi ya kompyuta? Ulibeba nini, na ilichukua muda gani? Na wewe unayetaka kuniandikia "ungenunua PS4 tu", tafadhali pita, leo si siku yako.